Jinsi Bwana Alivyonipandisha Juu ya Nyumba Yangu

Bwana asifiwe! Wewe unayesoma, sema amina hata kama uko peke yako jikoni na hakuna wa kukusikia. Yeye anasikia.

Ndugu zangu, mimi naitwa Emily. Hapa kwetu, upande wa Merigi, wananiita Bot Kiprono, yaani mama yake Kiprono, mtoto wangu wa kwanza na mpaka sasa wa pekee. Niliokoka nikiwa shule, nikamaliza kidato cha nne, nikaolewa. Mwenyekiti wa ushirika wetu wa akina mama ameniomba niuandike ushuhuda huu badala ya kuusema, kwa sababu nikiusema huwa napandisha sauti na watoto wa shule ya Jumapili wanashtuka. Ni kweli. Basi nimeandika. Nitakwenda polepole, na mambo nitayasema vile yalivyokuwa.

Nyumba yangu ya kwanza ya ndoa ilikuwa jikoni kwa mama mkwe. Sisemi chumba kando ya jikoni, nasema jikoni yenyewe. Mafiga upande mmoja, kitanda chetu upande wa pili, na wakati wa baridi mbuzi wawili katikati. Paa lilikuwa la nyasi, la zamani, limekuwa jeusi kwa masizi. Na mvua ya huku mnaijua. Asubuhi jua, mchana mawingu yanatoka upande wa msitu, saa tisa inamwagika. Ikinyesha, maji meusi yalidondoka kitandani. Isiponyesha, moshi haukuwa na pa kwenda.

Kiprono alizaliwa mzima, mnene, wa kujisifia. Hakumaliza mwaka kabla kifua hakijaanza kupiga filimbi. Mwenye mtoto wa kifua ananielewa. Unalala lakini masikio hayalali. Unaisikiliza ile filimbi, na ikinyamaza unaogopa zaidi kuliko ikilia.

Nesi wa zahanati, mama mkali ambaye hachekicheki na mtu, alimgeuza mtoto, akamsikiliza mgongoni, akaniuliza tunalala wapi. Nikamwambia. Akasema, "Mama, dawa nitakupa, lakini dawa haitoi moshi ndani ya nyumba. Huyu mtoe hapo kabla ya mvua ndefu. Umenisikia? Kabla."

Nilimsikia. Tangu siku hiyo sikuomba kitu kingine kwa Mungu, ila pahali pakavu pa kumlaza mtoto kabla ya mvua ndefu.

Na pesa ilikuwapo, ndugu zangu! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mume wangu, Baba Kiprono, anafanya kazi kwenye boila la kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, na nyumbani anakuja mwisho wa mwezi. Tuna chai yetu kidogo ambayo baba mkwe alitukatia, na ninayeichuma ni mimi, mtoto mgongoni na kikapu juu ya mtoto. Kwa wasomaji wa mbali wasiojua chai nieleze: kila mwezi unalipwa kidogo kwa majani uliyopeleka, halafu mara moja kwa mwaka, mwaka ukielekea kuisha, unalipwa ile iliyobaki kwa pamoja. Hiyo ndiyo bonasi. Wiki ya bonasi huku kwetu hata mbwa wanajua.

Na hapo ndipo sisi watu wa chai tunapokosea, wenye nazo na wasio nazo. Bonasi haikai nyumbani. Ikilala kwako usiku mmoja, asubuhi shemeji amefika kwa sababu ya karo, binamu anaenda kuposa, na mtu uliyesoma naye darasa la pili amekuota. Ukisema huna, wanajua unadanganya, maana kila mtu ameona kiwanda kimelipa. Kwa hivyo tunafanya nini? Tunaikimbiza kwa fundi! Tunamlipa kazi yote, kutoka shimo mpaka paa, kabla hajachimba hata shimo moja. Jamaa wakija tunasema kwa dhamiri safi, "Pesa iko kwa fundi." Nao wanaondoka bila kununa, kwa sababu pesa iliyo kwa fundi ni kama imekuwa nyumba tayari.

Kama. Ndugu zangu, kama!

Yetu ilikimbilia kwa Fundi Joel. Huyu ni ndugu katika Bwana, anaimba sauti ya chini katika kwaya yetu, na akiimba hata mimi husahau mengine. Nilimwambia mume wangu tuweke mashahidi wawili siku ya kulipa. Akaniangalia kana kwamba nimetukana mtu. "Tumwekee mashahidi mtu tunayeshiriki naye meza ya Bwana?" Basi hatukuweka.

Siku ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, Joel alivua kofia akaomba. Aliomba mpaka nikafungua jicho moja. Aliombea nguzo, akaombea misumari, akaombea na wajukuu wetu ambao mama zao hawajazaliwa. Mimi ndiye niliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, ya nguzo na fito, ya kukandikwa udongo, na juu mabati. Joel alisimamisha nguzo, akapiga fito, akaweka mbao za paa. Kazi imenyooka, sitamnyima haki yake. Mabati tulikuwa tumeshanunua, yamelala chini ya kitanda cha mama mkwe pamoja na misumari yake. Kilichobaki ni kuyapigilia tu, kisha sisi wanawake tuingie na udongo. Huku kwetu kazi imegawanywa hivyo tangu zamani: juu ni kwa wanaume, udongo ni kwa wanawake. Na udongo haukandikwi kabla ya paa, kwa sababu mvua moja tu itaurudisha shambani.

Ijumaa moja Joel alifunga msumeno wake kwenye gunia, akasema, "Tuonane Jumatatu, Bwana akipenda." Inaonekana Bwana hakupenda.

Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukapita. Ndege wakaanza kulala juu ya mbao zetu. Kanisani Joel hakuonekana. Mara yuko kwenye mkutano wa injili Kabianga, mara anaumwa na mgongo. Nikamfunga Kiprono mgongoni nikaenda kumtafuta. Nilielekezwa kwa mwalimu mmoja ng'ambo ya mto. Joel hayuko, lakini nyumba iko: nguzo, fito, mbao za paa, mabati hakuna. Pacha wa nyumba yangu! Nikaelekezwa kwa mjane mmoja kule juu. Nguzo, fito, hata mbao za paa hakuna. Hawa wote walikuwa wamelipa wiki ile ile ya bonasi, wamelipa yote, kama sisi. Mwisho nikampata kwenye boma lingine, amekaa juu ya paa, anapigilia na kuimba. Nikamuuliza mama wa boma hilo, "Ninyi mlimlipa lini?" Akaniambia, "Bonasi ya mwaka juzi."

Hapo nikaelewa. Mtu huyu alikuwa anajenga nyumba za bonasi ya zamani kwa pesa za bonasi mpya. Zetu zilikuwa zimekwisha kuliwa, na sisi tungengoja wengine walipe ili tujengewe.

"Fundi, Bwana asifiwe," nilimwita kutoka chini.

"Amina, Bot Kiprono! Kijana hajambo?"

"Anakohoa. Paa letu je?"

Akashuka taratibu, akajipangusa mikono. "Dada, kazi ya juu ina bei yake. Ile mlinipa iliishia kwa kazi ya chini."

"Tulilipa nyumba nzima."

"Kwa bei ya wakati ule. Unga umepanda. Na kule juu ni hatari, dada. Nikianguka, utalisha watoto wangu?"

"Mbona hapa huogopi kuanguka?"

"Hapa nimeshazoea," akasema, na akarudi juu.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki njia.

Nikatafuta fundi mwingine. Wa kwanza aliitazama nyumba, akauliza ni ya nani, nikasema ya Joel, akavaa kofia yake. Wa pili alikuwa mkweli zaidi. Alisema, "Mama, kazi ya mwenzangu siigusi mpaka aniambie. Leo nikigusa yake, kesho wataigusa yangu." Nikamwambia mwenzake ni mwizi. Akasema, "Hata kama ni mwizi, ni mwizi wetu."

Nikaenda kwa mzee wa kanisa. Akanisomea andiko la subira, akasema ndugu hashtaki ndugu, nimwachie Mungu. Nikaenda kwa baba mkwe. Akasema tungoje, mtu akiharakishwa huharibu. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nikamwambia, "Panda wewe." Sasa hapa lazima niseme ukweli, na yeye amenikubalia niuandike. Mume wangu anaogopa kupanda. Hata parachichi za nyumbani anaangua kwa fimbo ndefu akiwa chini. Alisimama akiitazama ngazi, akatoa jasho, akasema yeye pia anaona tungoje.

Wote ni kungoja! Wao vifua vyao vilikuwa vizima.

Kabla ya mvua ndefu kulitangulia wiki moja ya manyunyu, na manyunyu hayo yalitosha. Kiprono alishikwa na nimonia. Tulilala hospitali naye, mahali ambapo siku hizi unaenda na kila kitu chako mpaka sindano. Mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani akivuta hewa. Niliomba, lakini siwezi kuwadanganya kwamba niliomba maneno mazuri. Nilisema, "Mungu, huyu usimchukue kwa sababu ya mabati. Mabati ninayo."

Bwana ni mwema, alimrudisha. Tulipotoka, daktari alirudia maneno ya nesi kama vile wamekaa pamoja. Nikapita na mtoto kando ya ile mifupa ya nyumba, nikaingia naye jikoni kwa moshi, kwa sababu hakukuwa na pahali pengine. Nyinyi ambao hamjawahi kumrudisha mtoto mahali palipomuumiza, mshukuruni Mungu.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya ushirika wa akina mama, tukiwa kwa mama mkwe, tumekaa kwenye nyasi nje. Ilipofika zamu yangu ya kuomba, nilisimama, na sikufumba macho. Nilisema, "Bwana, nimeambiwa nikuachie. Nimekuachia. Sasa nakuomba, usinipe subira, ninayo ya kutosha na haimkaushii mtoto kitanda. Nipe paa. Kama hakuna mwanamume wa kupanda, nipandishe mimi. Amina."

Akina mama walifumbua macho wakatazamana. Kwa desturi yetu mwanamke hapandi juu ya nyumba ya mumewe. Ni kama kutangaza kwamba mume amekufa, na inaogopwa kwamba kweli atakufa. Nililijua hilo. Lilinitoka mdomoni bila kupangwa, na nilipolisikia nikaona ndilo jibu lenyewe.

Aliyeitikia ni mama mkwe wangu. Huyu mama haongei sana. Alikuwa anapukuchua mahindi, akaendelea kupukuchua, akasema, "Amina. Jumamosi umande ukikauka. Mje na masufuria ya chai, na mwenye nyundo alete."

Jumamosi walikuja! Bwana asifiwe! Wengine walikuja kusaidia na wengine walikuja kuona nikianguka, lakini wote walikuja. Tulitoa mabati chini ya kitanda, tukaegemeza ngazi. Nikavaa suruali ya kazi ya mume wangu ndani ya rinda. Nikaweka mguu kwenye ngazi, na baba mkwe akatoka nyumbani na fimbo yake.

"Nani amekufa katika boma hili?" akauliza.

Akina mama wakageuka kumtazama.

"Nauliza, kwa sababu naona mke wa mwanangu anapanda nyumba yake."

Mama mkwe aliishika ngazi kwa mikono miwili. "Mzee, nyumba iko wapi?"

"Hii hapa."

"Hii? Ina ukuta?"

"Haina."

"Ina paa? Moto umewahi kuwashwa ndani? Kuna mtu amelala humo?"

"Hapana."

"Basi si nyumba, ni miti. Na miti mwanamke hupanda kila siku akitafuta kuni, na hujawahi kutoka na fimbo. Panda, Bot Kiprono, kabla haijawa nyumba."

Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee akasema chai imeiva, akarudi ndani.

Nikapanda.

Ndugu zangu, mimi si fundi. Mimi ni mtoto wa mfumo wa shule wa 8-4-4. Tulifundishwa useremala shule ya msingi, nikatengeneza kigoda ambacho mpaka leo baba yangu hakikalii. Lakini msumari naujua kichwa na mguu. Bati la kwanza liliniangusha moyo. Lilishika upepo, likataka kuondoka na mimi. Nikalilalia kifudifudi, nikalipigilia hivyo hivyo, tumbo juu ya bati, na wale wa chini wakaanza wimbo wa sifa ili nisiwasikie wakiogopa. Bati la pili lilikuwa rahisi. La tatu nilijipiga kidole, nikasema neno ambalo si la ushuhuda. Kisha dada mmoja mwembamba wa ushirika, ambaye kanisani hata matangazo huona haya kusoma, akavua viatu akapanda upande wa pili bila kuitwa.

Tulikuwa tumeufikisha upande mmoja karibu na kilele, na hapo Joel akatokea njiani, anakimbia, koti linapepea. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Bot Kiprono! Shuka! Hiyo ni kazi yangu!"

"Basi panda uifanye. Ngazi hiyo."

"Tukubaliane kwanza bei ya juu."

"Joel," mama mkwe akamwambia kwa upole kabisa, "sogea kidogo. Umesimama mahali bati linapitia."

Akasogea. Hakupanda. Alituangalia kidogo, na mama mmoja akamuuliza kama amekuja kutuimbia ile sauti ya chini. Akaondoka akisema ataenda mbele kushtaki. Sisi tukaendelea na nyundo. Nikiwa kule juu niliona mashamba ya chai yote mpaka ng'ambo ya mto, na niliona kitu ndani yangu kimetulia. Sitasema hasira iliondoka. Ilikuwapo, lakini Mungu alikuwa ameipa kazi, na kila msumari ulichukua kidogo.

Jumatatu tulimaliza upande wa pili. Baada ya hapo ikawa zamu ya udongo, na udongo ni wetu. Walikuja kina mama wote, na hata wale waliokuja kwanza kuona nikianguka wakakanyaga udongo mpaka magotini. Tulikandika ndani na nje. Jua likatusaidia, ukuta ukakauka tukahamia humo na mtoto, na likaendelea kuwaka mfululizo hata watu wakaanza kuulizana mvua imekwama wapi. Mimi nilijua imeshikwa na nani.

Kweli Joel alikwenda mbele. Naibu wa chifu alituma mtu: nimeshtakiwa. Fundi anasema nimempokonya kazi, nimemharibia jina, na bado namdai— hapana, yeye ananidai mimi— malipo ya juu. Naandika hivi na hasira inarudi, mwenyekiti anisamehe.

Kesi ililetwa nyumbani kwetu, kama desturi, ili wazee waione kazi kwa macho. Madawati yakapangwa nje, kwenye nyasi. Naibu wa chifu katikati, wazee pande zote, baba mkwe miongoni mwao. Baba Kiprono aliomba ruhusa kazini akaja. Kiprono nilikuwa nimemfunga mgongoni, amelala. Joel akasimama, akasema kwa ile sauti yake nzuri. Alisema fundi ana heshima yake. Alisema tangu mwanamke apande juu, watu wanamcheka sokoni. Alisema hata wateja wengine wameanza kumuuliza maswali. Nami nikasimama kumjibu, na maneno niliyokuwa nimeyapanga yangeyavunja yale madawati.

Hapo ndipo mvua iliyokuwa imeshikwa ikaachiliwa!

Haikuanza kwa manyunyu. Ilishuka yote mara moja, na upepo. Wazee waliinuka na fimbo zao, naibu wa chifu akajifunika kofia yake ya kazi, na pahali pa karibu pa kukimbilia palikuwa nyumba yangu tu. Waliingia wote. Baba mkwe aliingia. Joel aliingia, ndugu zangu, akainama mlangoni ili asigonge kichwa kwenye kizingiti alichokiweka mwenyewe. Tukasimama humo tumebanana, nguo zinatoa mvuke, na mabati yakapiga kelele hivi kwamba mtu hakumsikia aliye kando yake. Wote tuliinua macho juu. Nilimuona hata Joel ameinua yake, anatafuta tundu.

Palivuja pahali pamoja, karibu na ukuta wa nyuma. Nyumba yote ilikuwa kavu.

Kesi ikamaliziwa kwa kupiga kelele. Aliyeuliza hakuwa naibu wa chifu. Alikuwa baba mkwe.

"Joel! Ulilipwa nyumba nzima ama nusu?"

"Nzima, mzee, lakini unga—"

"Sisikii!"

"Nzima!"

"Na hii iliyo juu ya kichwa chako, ambayo inakuzuia kulowa sasa hivi, ameipigilia nani?"

Mvua ilijibu kwa niaba ya Joel.

"Basi aliyefanya ndiye fundi, na fundi hulipwa!" mzee akapaza sauti, akawageukia wenzake. "Malipo ya juu anayo Joel. Amlipe huyu."

Wazee wakapiga fimbo chini. Naibu wa chifu akasema kwa kelele kwamba naye ameona hivyo. Kwa sababu Joel pesa hakuwa nayo, wakakata shauri kwamba anilipe kwa mbao na mikono: milango miwili na madirisha yote. Alileta. Yanafunga vizuri, mkono wa Joel hauna shida, shida ni Ijumaa zake. Na kule kwa yule mjane wa juu, nimesikia alirudi wiki iliyofuata mwenyewe, kabla mjane hajaazima ngazi.

Mnaniuliza kama nimemsamehe. Nimemsamehe asubuhi nyingi, na jioni nyingi imebidi nianze upya. Lakini akiimba kwaya sasa naweza kusikiliza mpaka mwisho.

Nimalizie na ile siku. Mvua haikukoma haraka, watu wakakaa chini wakaanza kuzungumza mambo ya ng'ombe. Mimi nikashtuka. Kwa zile kelele za mabati nilikuwa sisikii kifua cha mtoto! Mwaka mzima nilikuwa sijakaa muda wote huo bila kukisikiliza. Nikamfungua upesi mgongoni, nikamlaza mapajani, nikaweka sikio kwenye mgongo wake na kuziba lingine kwa kidole. Baba Kiprono akaniangalia, anangoja niseme. Niliisikia hewa ikiingia, ikatoka. Laini. Hakuna filimbi. Nikatingisha kichwa kumwambia hapana, hakuna kitu, na yeye akafunika uso kwa kofia mbele ya wazee wote.

Ndugu zangu, nampa Mungu shukrani, na akina mama wa ushirika, na mama mkwe wangu ambaye hataki nimtaje. Na wewe uliyeambiwa ungoje, na unajua mtoto wako hawezi kungoja, njoo kwa Bwana huyu vile ulivyo, hata kama umekasirika. Mwambie kitu unachotaka, kwa jina lake. Mimi nilimwambia paa. Akikujibu kwa kukuonyesha ngazi, usiogope, panda. Yeye yuko chini ameishika.